Garanti ya Papa Bolamba

Juma nililostaafu, wenzangu wa ofisi walinipa saa ya ukutani. Haina garanti. Nililigeuza boksi pande zote kabla ya kusema asante, na wote wakacheka, kwa sababu walijua nitaligeuza.

Ndiyo kazi niliyoifanya tangu nilipotoka shule mpaka goti la kushoto lilipoanza kunitabiria mvua. Kampuni yetu pale Makiso ilikuwa inavisha majengo bardaji, yaani lile vazi la nje la ukuta: mabati ya rangi, mbao, vibao vya saruji, plastiki. Mafundi walipanda ngazi. Mimi nilisoma dhamana za vifaa kabla havijanunuliwa, nikasema hiki tuchukue, hiki tukiache. Vitabuni ni dhamana, lakini Kisangani nzima ni garanti, na mimi Zaina, binti wa watu waliotoka Kindu, nikaitwa Mama Garanti hata msikitini.

Vijana mliobaki mmeniomba niwaandikie nilichojifunza. Nitawaandikia. Lakini kuna ukuta mmoja upande wa Tshopo, karibu na maporomoko, ambao hadi leo nikiupita jioni natembea haraka, na bila huo mtakuwa mmejifunza nusu.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Mkurugenzi alinipa rundo la katalogi akanikabidhi kwa Papa Bolamba, fundi mkuu, mtu wa mto kutoka Yanonge, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Aliviangalia viatu vyangu, akaenda kuniazimia mabuti. Kisha tukapanda toleka, zile baiskeli za kukodi, kila mtu kwenye kiti cha nyuma cha yake, mpaka kwenye duka moja ambalo mabati yake ya buluu yalikuwa yamegeuka rangi ya maji ya kufulia. Mabati yenyewe hayakuwa na umri mkubwa. Papa akanipa karatasi ya garanti, akaniambia nisome.

Nikasoma kwa sauti, kwa Kifaransa changu kizuri cha darasani. Rangi haitapauka. Miaka kumi na mitano. Nikafurahi, nikamwambia basi, watayabadilisha.

"Karatasi iko muzuri," akasema. "Alors, nani atakuya?"

"Nani atakuja wapi, Papa?"

"Hapa. Kutoka kule banatengeneza manjanja, mabati haya. Nani atakuya kuangalia? Tafuta mutu ndani ya karatasi."

Nikatafuta. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na anwani ya mji wa baridi, na sentensi moja nyuma kabisa iliyosema mnunuzi apeleke bati lenye kasoro kiwandani, kwa gharama yake, lipimwe. Mwenye duka alikuwa amesimama pembeni akinitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari. Nikatazama mabuti.

Tangu siku ile nilisoma garanti kuanzia nyuma. Mbele wanaandika wanachokupa, nyuma wanaandika wanachokunyang'anya. Fungueni ukurasa wa mwisho, mle mwenye herufi kama chawa. Mtakuta garanti haifanyi kazi mahali penye joto kali, penye unyevu mwingi, penye maji yanayorukaruka. Huo ndio mji wetu wote. Mtakuta wanabadilisha bati, lakini hawalipii meli ya kulileta, wala ngazi, wala fundi. Mtakuta bati jipya linakuja na rangi mpya, na ukuta wa mteja unakuwa na viraka kama suruali ya mwanafunzi. Niliwahi kusoma garanti ya mbao iliyotaja aina za mchwa kwa majina yao ya kitaalamu. Mchwa wa Mangobo hawakuwemo katika orodha, na hawakungoja waongezwe.

Kwa hiyo niliweka vipande vya kila kifaa juu ya paa la ofisi vikapigwa na masika. Mvua ya Kisangani haihongeki. Papa Bolamba naye alikuwa na njia yake: alikigonga kila kipande kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio. Kwao, watu wa mto walizungumza kwa ngoma ya gogo kutoka kijiji hadi kijiji, na alikuwa na sikio la kazi hiyo. Nilimtania kwamba anaongea na mabati.

"Mimi naongea na manjanja, weye unaongea na makaratasi," alijibu. "Nani kichaa?"

Alikuwa na kitu kingine mnachopaswa kukikumbuka. Chini ya kichwa cha kila skrubu hukaa kipete cha mpira kinachozuia maji. Vya kiwandani hukauka haraka hapa kwetu. Papa alikata vyake mwenyewe kutoka kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la lori, na kila kimoja alikitia pengo dogo kwa ncha ya kisu, upande mmoja, kama jino lililong'oka. Ilikuwa saini yake. Mji mzima hakuna fundi mwingine aliyefanya hivyo, na baada yake hakuna aliyeiga.

Sasa ule ukuta.

Mama Sharlote alikuwa mkunga. Alizalisha hospitalini mpaka nywele zikawa nyeupe, kisha akajenga materniti yake mwenyewe, nyumba ya kujifungulia, upande wa Tshopo, mahali ambapo ukinyamaza unayasikia maporomoko. Kila alichokuwa nacho alikitia mle. Alitaka vazi la nje lisafishike kwa maji, na lidumu kuliko yeye. Nilimchagulia mabati meupe yenye garanti bora kuliko zote nilizowahi kuzisoma. Ilikuwa na miaka ishirini. Ilikuwa na mtu: mwakilishi wa Kinshasa, mwenye jina na simu, na aliyepokea simu. Sharti lilikuwa moja zito. Mafundi wao tu ndio wayafunge, na baada yao asitoboe mtu, asikate, asibadilishe hata skrubu. Mkono wa mtu mwingine ukigusa, garanti yote inakufa.

Mafundi wakaja kwa ndege, wakafunga kama maelekezo yalivyosema, wakakaza kila kitu, wakarudi. Papa Bolamba alisimama mikono nyuma akitazama. Ukuta ulipendeza kweli.

Halafu ukaanza kubisha hodi.

Kwetu mtu akifika mlangoni hubisha kwa mdomo: ko ko ko. Kisha anataja jina lake, na wewe unafungua. Wote tumelelewa hivyo, Waislamu na Wakristo, watu wa Maniema na watu wa mto, na wote tumeonywa jambo lile lile: ko ko ko isiyofuatwa na jina haijibiwi. Huyo si mtu wa kufunguliwa.

Jua lilipokuwa linaondoka, ukuta wa materniti ulisema ko ko ko. Ulisema wazi, kwa mapumziko ya mtu anayengoja. Mara chumba cha kwanza, halafu cha pili, halafu cha tatu, kama mgeni anayemtafuta mtu na hajui amelala wapi. Wauguzi walifungua, wakakuta uwanja mtupu. Wakaacha kufungua.

Kulikuwa na msichana wa Kabondo, uzazi wa kwanza, mtoto amekuja kabla ya wakati. Jioni alikuwa amelala peke yake, mama yake ameenda kutafuta chai. Ko ko ko. Alikuwa na usingizi, akafikiri ni mama yake.

"Ingia," akajibu.

Hakuingia mtu. Kabla ya mapambazuko mtoto akafariki. Mama Sharlote alikuwa amewaambia ndugu tangu mchana kwamba pumzi za yule mtoto ni chache. Nenda ukawaeleze hivyo sokoni. Kufikia mwisho wa juma, mji mzima ulijua kwamba kuna nyumba ambamo ukuta unakuja kuwaita watoto, na kuna mama aliyesema ingia.

Tulipofika na Papa, vitanda vilikuwa vimetandikwa na havikuwa na mtu. Mama Sharlote alikaa kwenye benchi la kungojea, peke yake, amevaa blauzi yake nyeupe iliyopigwa pasi.

"Bamama banakataa kuzala hapa," alisema. "Mumoja alizala njiani jana, juu ya pikipiki, kwa sababu alikataa tusimame kwangu. Donc nafunga. Ao munisaidie, ao nafunga."

Nilimpigia simu yule mwakilishi. Alikuwa mpole. Alisema garanti inahusu rangi, kutu na kupasuka, na sauti si kasoro. Akanikumbusha kwamba tukitoboa, imekufa. Hakunidanganya hata neno moja, ni mimi niliyezisoma zile kurasa na sikuona mahali ukuta unapokatazwa kuongea.

Jioni tukakaa ndani, sisi watatu, tukingoja. Jua likashuka. Ukuta ukaanza chumba cha mwisho, ukaja. Nilijua kabla Papa hajanieleza kwamba ni bati linalopanuka mchana na kujikunja jioni, na kwamba limekazwa mno, halina pa kusogea, basi linaruka kwenye kila skrubu. Nilijua yote hayo, na nywele za mikono zilinisimama. Niliogopa kama mtoto. Papa Bolamba alifuata sauti kwa kifundo cha kidole, akionyesha skrubu moja moja, hii, na hii, na hii. Kisha ikalia nyuma yetu, kwenye ukuta wa upande wa maporomoko, chini ya mti mkubwa, ukuta ambao jua haliugusi asubuhi wala jioni.

Papa akaweka kiganja kwenye ukuta ule.

"Na hii?" nikamuuliza.

"Ya hii, sijui," akasema. "Iko baridi."

Akamgeukia Mama Sharlote akamweleza bila kuzungusha. Akipanua matundu yote yawe marefu kidogo, na kuweka vipete vyake vya mpira, mabati yatasogea kimya. Lakini miaka ishirini ya karatasi itakufa siku hiyo hiyo, na kutu ikija hakuna wa Kinshasa wala wa ng'ambo atakayesikiliza.

Mama Sharlote akanitazama mimi. Alitaka niamue, na hayo ndiyo maswali ambayo shule haifundishi. Nikamwambia garanti inalinda bati, na kwamba yeye hakujenga ili kulinda bati.

"Na ikianza tena?" akauliza. "Nani atakuya?"

Papa Bolamba akacheka kidogo, kwa sababu lilikuwa swali lake.

"Ikilia tena, miye nitakuya," akasema. "Nitasema ko ko ko, nitasema jina yangu: Bolamba. Bon. Ko ko ko ya Bolamba, mufungue. Ingine, muache."

Mimi, kwa mazoea ya kazi, nikamtania. "Papa, umesahau muda. Garanti ya miaka mingapi?"

"Ah, Mama Garanti! Muda iko ya makaratasi."

Tukacheka wote, hata Mama Sharlote. Nakumbuka tulivyocheka.

Alifanya kazi ile kwa mikono yake, tundu kwa tundu, na kila skrubu ikapata kipete chenye pengo. Ukuta ukanyamaza. Mama Sharlote akawaambia wanawake kwamba fundi ameahidi, na fundi anataja jina. Wakarudi, kwanza wale wasio na nauli ya kwenda mbali, halafu wengine. Mjini wakasema, kule Papa Bolamba yuko, usiogope. Mtu mmoja alikuwa amekuwa garanti ya nyumba nzima, na sijaona karatasi iliyofanya hivyo.

Miaka ikapita, ukuta kimya. Halafu Papa akaugua kifua. Wanawe walimpeleka kwao Yanonge kwa mtumbwi wa mota, akafia huko, tukamzika huko. Nililia mpaka nikaona haya. Niliporudi mjini nilikwenda mpaka karibu na materniti ili nimpe Mama Sharlote habari. Uwanjani kulikuwa na wanawake wenye matumbo makubwa wamekaa kivulini, wakisukana nywele, wakicheka. Nikageuza pikipiki. Nilijiambia nitamwambia siku nyingine, palipo kimya.

Masika yaliyofuata akanipigia simu. Upepo ulikuwa umevuta mabati na ukuta umeanza tena.

"Mutume Papa," akasema.

Nikasema nitakuja kesho na fundi. Kesho yake mvua ikanyesha siku nzima, barabara ikawa mto. Nilipofika asubuhi iliyofuata na fundi mwingine, Mama Sharlote alinipokea kwa furaha.

"Aksanti sana kwa Papa. Alikuya jana, na mvua ile yote! Alisema ko ko ko, alisema jina yake, tukamufungulia. Hakutaka hata chai."

Nilizunguka nyuma. Kwenye ukuta wa upande wa maporomoko kulikuwa na safu ya vipete vipya, vyeusi, bado vinanuka mpira. Kila kimoja kilikuwa na pengo. Udongo chini yake ulikuwa laini kama ugali, na haukuwa na alama ya ngazi. Ngazi yetu ndefu ilikuwa stoo, na ufunguo wa stoo ulikuwa ndani ya mkoba wangu. Fundi niliyekuja naye alivitazama vile vipete, akanitazama, akasema anajisikia vibaya, akaondoka kwa miguu. Leo ni mmoja wenu. Simtaji.

Niliwauliza wote ofisini, hakuna aliyetumwa. Niliwauliza mafundi wa mji, nikijifanya nauliza bei, na hakuna aliyekata mpira. Nikajaribu kuamini kwamba kuna mwanafunzi wake mahali fulani nisiyemjua. Niliamini hivyo mchana.

Ikatokea tena, na tena, kila ukuta ulipolegea. Sikuwa naitwa kabla. Nilikuwa naambiwa baadaye. Mama Sharlote alinisimulia kwenye simu kama mtu anavyosimulia habari za mjomba.

"Lakini, Mama Zaina, muache kumutuma. Anachoka. Anakonda. Hii mara alikaa chini kwanza, juu ya ngazi ya mulango, ndiyo akasimama. Na anakuya amelowa tu. Hata siku haiko na mvua, nguo yake inatoka mayi, kama mutu ametoka mutoni."

Nikakata simu, nikalia. Kuogopa kuliniisha. Nilimwona tu yule mzee, ametoka Yanonge kupandisha mto wote ule, kwa sababu ya neno moja alilolisema jioni moja akicheka, na mimi niliyekuwa nimesimama pale, mtu wa kazi hiyo, niliyeona kwamba halina mwisho na nikafanya utani.

Kuna swali moja la garanti ambalo sijawaandikia bado: inahamishika? Nyumba ikipata mwenyewe mwingine, kiwanda kikinunuliwa na kingine, ahadi inafuata au inabaki? Nyingi zinahamishika, kama pande zote zikiarifiwa. Nimewahi kuokoa majengo kwa kifungu hicho.

Nikapanda mtumbwi kwenda Yanonge. Wanawe walinipokea kwa samaki na kwanga ya muhogo, wakanipeleka kaburini, wakaniacha. Nilisoma dua yangu, yeye Mkristo na mimi Mwislamu, sikuona kosa. Kisha nikasema kwa sauti, kama tunavyosema mlangoni.

"Ko ko ko. Ni mimi, Zaina. Papa, nimekuja kwa kazi. Ile garanti ya Mama Sharlote nimeihamishia kwangu. Ikilia, mimi nitakuja. Nitataja jina langu. Wewe pumzika sasa."

Nyasi za kaburi zilikuwa zimekauka kwa jua. Pembeni, pale ambapo mtu angeweka miguu akikaa, zilikuwa zimelowa.

Niliporudi mjini nilimwambia Mama Sharlote kwamba Papa amestaafu, na kwamba kuanzia sasa mlangoni atasikia jina la Zaina. Nafikiri alijua, na nafikiri alijua tangu zamani, kwa sababu mkunga hakosei kumtofautisha mtu anayekuja na mtu anayekwenda. Tangu siku hiyo ukuta ukilegea ananipigia mimi, kabla, na mimi nakwenda na fundi na ngazi, na vipete vya mpira ninavyokata mwenyewe jikoni kwangu. Vyangu navitia mapengo mawili. Bamama wanajifungua. Kwenye kazi hiyo sijastaafu.

Basi someni kurasa za nyuma. Tafuteni mtu ndani ya karatasi. Ulizeni nani atakuja, ulizeni inahamishika au haihamishiki. Na kabla ya yote, angalieni muda, hata kama mnayeahidiana naye ni rafiki na mnacheka. Nawasisitizia hilo kwa sababu siku ile nilipoihamishia ile garanti kwangu, nikirudi kutoka Yanonge, mtumbwi ulikuwa umeshafika katikati ya mto na jua linaanza kushuka ndipo nilipokumbuka kwamba mimi pia, pale kaburini, muda sikuutaja.